Ufalme Mdogo Baina ya Dola Kubwa: Habari za Commagene

Upande wa kusini-mashariki wa nchi ya Uturuki, si mbali na mto Frati, uko mlima uitwao Nemrut. Kimo chake ni kama futi 7,000 juu ya usawa wa bahari, na siku za baridi kali theluji hukifunika kilele chake hata njia zisipitike. Mtu apandaye mpaka juu hukuta ajabu. Juu ya kilele cha mlima kuna kilima kingine, ambacho kilifanywa na watu kwa mawe madogo madogo kadiri ya ngumi, yaliyorundikwa mpaka yakafika kimo cha futi 160 hivi. Upande wa maawio ya jua na upande wa machweo zimewekwa sanamu za mawe zilizoketi katika viti vya enzi. Zilipokuwa nzima, kila moja ilikuwa na kimo cha karibu futi 30. Vichwa vyake vilianguka zamani, navyo vimesimamishwa chini mbele ya viti vile, vikitazama mbali.

Aliyeamuru sanamu hizo zichongwe alikuwa Antiochus wa Kwanza, mfalme wa Commagene, aliyetawala katika karne ya kwanza kabla ya Kristo. Nchi yake ilikuwa ndogo. Magharibi yake ilikuwako dola ya Rumi, na mashariki yake dola ya Waparthi waliotawala Uajemi, na kila moja ya dola hizo mbili ingaliweza kuimeza Commagene kama mamba amezavyo samaki. Hata hivyo ufalme huo uliishi zaidi ya miaka 200. Tena mwisho wake haukuletwa na njaa, wala maradhi, wala kushindwa vitani. Uliletwa na barua moja.

NCHI NA KIVUKO CHAKE

Kaskazini mwa Commagene imesimama milima ya Taurus, na mashariki na kusini hupita mto Frati. Mabonde yake yalikuwa na rutuba na miti ya matunda, na milima yake ilitoa mbao nzuri. Lakini si matunda wala mbao zilizowavuta wakubwa. Mto Frati, ushukapo kutoka milimani, hupita katika magenge marefu ambamo jeshi haliwezi kuvuka. Ufikapo karibu na Samosata, uliokuwa mji mkuu wa nchi hiyo, mto hutoka katika milima na kuingia katika nchi ya wazi, na hapo watu waliweza kuvuka. Basi aliyeshika Samosata alishika mlango. Mfalme wa magharibi aliyetaka kwenda mashariki aliutaka mlango huo uwe wazi. Na alipoogopa kushambuliwa, aliutaka ufungwe. Mfalme wa mashariki naye alitaka vivyo hivyo. Mwenye mlango hakuweza kuwapendeza wote wawili siku zote.

TUHUMA YA KWANZA

Mambo hayo hayakuanza siku za Warumi. Zamani zaidi nchi hiyo iliitwa Kummuh, na wafalme wake walikaa baina ya dola ya Ashuru upande wa kusini na ufalme wa Urartu uliokuwa katika milima ya kaskazini-mashariki. Kummuh walipeleka kwa Waashuri kodi ya fedha, dhahabu na magogo ya mierezi, wakaachwa wakae na mfalme wao. Katika mwaka 743 kabla ya Kristo mfalme wao Kushtashpi alijiunga na Urartu vitani. Waashuri wakashinda, naye akaomba msamaha, akasamehewa, akaendelea kulipa.

Baadaye alitawala Mutallu. Huyu alikuwa rafiki wa Sargon wa Pili, mfalme wa Ashuru, hata Sargon akampa mji wa jirani, Melid, autawale pamoja na nchi yake. Lakini katika mwaka 708 kabla ya Kristo Sargon akasema ya kwamba Mutallu amefanya shauri la siri na mfalme wa Urartu. Jeshi likatumwa. Mutallu akakimbia, jamaa yake na hazina yake vikatekwa, na Kummuh ikafanywa jimbo la Ashuru. Wenyeji wengi walihamishwa wakapelekwa mbali kusini, karibu na Babeli, na watu wa huko wakaletwa kukaa katika nyumba zao.

Habari hizo zimeandikwa na Waashuri peke yao. Majibu ya Mutallu hayakuandikwa mahali popote.

UFALME WAZALIWA UPYA

Dola ya Ashuru ilianguka, zikaja nyingine. Waajemi walitawala, kisha Alexander Mkuu akawashinda Waajemi, na alipokufa majemadari wake wakagawana nchi alizoziteka. Sehemu kubwa ya Asia iliangukia kwa Seleucus na wazao wake, na Commagene ikawa chini yao. Katika mwaka 163 kabla ya Kristo, enzi ya wazao wa Seleucus ilipokuwa imedhoofika, liwali wao Ptolemaeus aliyekuwa akiitawala Commagene alikataa amri yao akajifanya mfalme.

Wafalme hao wapya walijua ya kuwa hawana askari wa kutosha kushindana na wakubwa. Wakatumia silaha nyingine, nayo ni ndoa. Mfalme Mithridates alimwoa Laodice, binti wa mfalme wa ukoo wa Seleucus. Mtoto wao ndiye Antiochus wa Kwanza, yule wa mlima Nemrut. Kwa baba alijihesabu kuwa mzao wa Darius, mfalme mkuu wa Waajemi, na kwa mama alijihesabu kuwa wa ukoo wa Alexander. Hivyo Mwajemi alipomtazama alimwona ndugu, na Myunani alipomtazama alimwona ndugu pia.

MATOPE YA MOTO NA TALANTA MIA TATU

Antiochus alianza kutawala karibu na mwaka 70 kabla ya Kristo, wakati Warumi walipokuwa wakisogea mashariki. Jemadari wao Lucullus alifika Samosata akiuzingira mji. Wenyeji walimngojea juu ya kuta, kisha wakawamwagia askari wake aina ya matope meusi yenye mafuta, yashikayo moto, ambayo hupatikana katika nchi hiyo. Pliny, mwandishi wa Kirumi, asema ya kwamba askari waliungua pamoja na silaha zao, na maji yalizidisha moto. Ni mchanga tu ulioweza kuuzima.

Hata hivyo Antiochus hakudhani ya kuwa matope yatamlinda milele. Alipatana na Warumi, na katika mwaka 64 kabla ya Kristo jemadari wao Pompey alimthibitisha katika ufalme wake, tena akampa mji mwingine wa kivuko, Seleucia wa mto Frati, uliokuja kujulikana kwa jina la Zeugma. Toka hapo Antiochus alikuwa rafiki wa Rumi. Katika mwaka 51 Waparthi walipovuka mto, wajumbe wake walipeleka habari kwa Cicero, aliyekuwa liwali wa Kilikia. Habari ile ilikuwa kweli. Lakini Cicero aliandika kwamba walikuwako watu waliosema mfalme huyo si wa kuaminiwa. Miaka michache baadaye Warumi walipopigana wenyewe kwa wenyewe, Antiochus alimpelekea Pompey askari 200, wengi wao wapiga mishale juu ya farasi.

Wakati huo huo alimwoza binti yake, jina lake Laodice, kwa Orodes, mfalme wa Waparthi. Alifanya kama mtu mwenye nyumba kati ya majirani wawili wagomvi: huku alipeleka askari, huku alipeleka binti. Tena ndoa ile ilikuwa na gharama yake. Orodes alipokufa na mwanawe mwingine Phraates kutwaa enzi, Phraates aliwaua ndugu zake wa baba, na katika hao walikuwamo wajukuu wa Antiochus.

Katika mwaka 38 Warumi chini ya jemadari Ventidius waliwashinda Waparthi, na Pacorus mwana wa mfalme wao akauawa. Waparthi waliosalia walikimbilia kwa Antiochus, wakamwomba awafiche. Ventidius alidai watolewe. Antiochus akakataa kuwatoa watu waliokuja kwake kuomba hifadhi. Samosata ukazingirwa mara ya pili. Antiochus alitaka kulipa talanta 1,000 apate amani, lakini Mark Antony, mkuu wa Warumi wa upande wa mashariki, alikuja mwenyewe, maana alitaka sifa ya ushindi iwe yake. Hata Herode, yule mfalme wa Wayahudi anayetajwa katika Injili, alifika na askari kumsaidia. Antony akakataa zile talanta 1,000. Wenye mji, walipoona hakuna njia ya amani, walipigana kwa nguvu zaidi. Mwisho Antony alichoka, akapokea talanta 300, akaenda zake.

MAMBO YA MLIMA NEMRUT

Mfalme huyo ndiye aliyeamuru kaburi lake lifanywe juu ya Nemrut. Zile sanamu zilizoketi humo ni za miungu, na Antiochus mwenyewe ameketi katikati yao. Kila mungu amepewa majina mawili au zaidi: Zeus wa Wayunani ameitwa pia Oromasdes wa Waajemi, na Apollo ameitwa Mithras. Mmoja ni mwanamke, naye ni nchi ya Commagene yenyewe. Kando yao wamekaa simba na tai wa mawe. Katika mawe mengine mfalme amechongwa akishikana mkono wa kulia na miungu, kama watu wawili wafanyao mapatano.

Nyuma ya viti yameandikwa kwa Kiyunani maneno marefu, zaidi ya mistari 200. Mfalme aliamuru siku yake ya kuzaliwa na siku yake ya kutawazwa zikumbukwe kila mwezi, tarehe 16 na tarehe 10. Makuhani wavae mavazi ya Kiajemi. Watu wote wapewe chakula na divai, mwenyeji na mgeni, wala mtu asifanyiwe karamu yake choyo. Aliweka mapato ya vijiji kwa ajili ya gharama hizo, na jamaa za wapiga muziki wa kuitumikia milele, baba na mwana.

Wengine husema ya kuwa hayo ni majivuno tu ya mtu aliyejifanya mungu. Majivuno yalikuwamo, bila shaka. Lakini watu wake walikuwa Wayunani, Waajemi, na wenyeji wa milimani, na wakubwa wa pande mbili walikuwa wakiwavuta huku na huku. Mfalme aliwapa mlima mmoja, karamu moja na miungu iliyokuwa na majina ya wote.

WAKUU NA WATU WA CHINI

Baada yake ufalme ulidhoofika. Katika mwaka 29 kabla ya Kristo mfalme mmojawapo wa ukoo huo aliitwa Rumi akauawa, kwa sababu alimwua mjumbe wa ndugu yake. Mwaka 17 baada ya Kristo, mfalme Antiochus wa Tatu alipokufa, watu wa Commagene waligawanyika. Wakuu walitaka nchi iwe jimbo la Rumi. Watu wa chini walitaka mfalme wao wa siku zote. Kaisari Tiberius akawapa wakuu waliyoyataka.

Miaka 21 ilipita. Katika mwaka 38 Kaisari Caligula aliurudisha ufalme kwa mwana wa mfalme yule, Antiochus wa Nne, akampa na fedha nyingi mno, sesterki milioni 100, ambazo hazina ya Rumi ilikuwa imekusanya katika nchi hiyo. Halafu Caligula huyo huyo akamwondoa. Katika mwaka 41 Kaisari Claudius akamrudisha tena. Katika muda wa miaka 24 watu wa Commagene walibadilishiwa utawala mara nne, na mara zote nne neno lilikatwa Rumi.

Antiochus wa Nne alijitahidi kuwa rafiki mwaminifu. Aliwapa Warumi askari katika vita vya Armenia na katika vita vya Uyahudi. Mwanawe Epiphanes alikwenda Yerusalemu katika mwaka 70 wakati Tito alipouzingira mji huo. Josephus, mwandishi wa Kiyahudi aliyekuwako, asimulia ya kwamba kijana huyo alistaajabu kuona Warumi wanasita mbele ya ukuta. Tito akamruhusu ajaribu. Akaukimbilia ukuta pamoja na vijana wake, akapigana vizuri, na karibu wote wakarudi na majeraha.

BARUA YA LIWALI

Miaka miwili tu baada ya hayo, katika mwaka 72, liwali wa Kirumi wa Shamu, jina lake Caesennius Paetus, alimwandikia Kaisari Vespasian. Barua ilisema ya kwamba Antiochus na mwanawe Epiphanes wamepatana kwa siri na mfalme wa Waparthi, nao wanakusudia kuasi. Josephus asema haikujulikana kwa hakika kama liwali alisema kweli ama alikuwa na chuki na mfalme. Vespasian hakungoja kujua. Samosata ulikuwa kivukoni. Waparthi wakipewa, watavuka mto bila taabu. Akampa Paetus ruhusa ya kufanya alivyoona vema.

Paetus akaingia Commagene kwa ghafula pamoja na jeshi la Sita na askari wa wafalme wawili wa jirani. Antiochus hakuwa amejiweka tayari kwa vita, na jambo hilo lenyewe lingalitosha kuwa ushahidi mbele ya hakimu mwenye haki. Hakutaka kupigana na Warumi. Alipanda gari pamoja na mkewe na watoto wake, akatoka mjini, akaenda mwendo wa kama maili 14 mpaka uwandani, akapiga kambi huko. Alidhani ya kuwa kwa kuondoka hivyo ataonyesha kwamba hana hatia.

Wanawe, Epiphanes na Callinicus, hawakuweza kuvumilia. Walikusanya askari wao, wakapigana na Warumi mchana kutwa, na jioni walikuwa hawajashindwa. Lakini baba yao alichukua mke na binti zake akakimbilia Kilikia. Askari walipoona mfalme wao amekata tamaa, wakaacha silaha. Wale ndugu wawili wakavuka mto Frati na wapanda farasi kumi tu, wakaenda kwa Vologases, mfalme wa Waparthi, naye akawapokea kwa heshima. Hivyo vijana waliokuwa wameshitakiwa kwamba ni rafiki za Waparthi walifukuzwa mpaka wakaingia katika mikono ya Waparthi.

Mfalme mzee alikamatwa Tarso na akida mmoja, akafungwa minyororo ili apelekwe Rumi. Vespasian aliposikia, aliona haya kumtazama rafiki wa zamani katika hali hiyo. Akaamuru afunguliwe akiwa bado njiani, akae Sparta, na apewe fedha za kumtosha kuishi kifalme. Baadaye wanawe walisamehewa, wakakutana naye Rumi, wakakaa huko wakiheshimiwa. Lakini nchi hawakurudishiwa. Commagene ikawa sehemu ya jimbo la Shamu.

Toka tuhuma ya Mutallu mpaka tuhuma ya Antiochus ilipita karibu miaka 780. Dola zilikuwa nyingine, lugha nyingine na miungu mingine. Shitaka lilikuwa lile lile, na hukumu ile ile.

WAJUKUU KATIKA NCHI ZA WATU

Philopappos, mwana wa Epiphanes, alikuwa raia wa Athene na mkuu katika Rumi. Alipokufa alijengewa kaburi juu ya kilima cha Athene, nalo lipo hata leo. Juu yake ameitwa mfalme, ingawa hakupata kutawala hata kijiji kimoja. Dada yake Julia Balbilla alikuwa mtunga mashairi. Katika mwaka 130 alifuatana na Kaisari Hadrian na mkewe mpaka Misri, wakaitazama ile sanamu kubwa iitwayo Memnon, karibu na Thebes, iliyosifiwa kwa kutoa sauti alfajiri. Mashairi yake manne yalichongwa katika mguu wa sanamu hiyo, na katika moja amemtaja babu yake, mfalme Antiochus. Hivyo jina la mfalme aliyenyang'anywa nchi yake milimani limehifadhiwa katika jiwe la Afrika.

Sanamu za Nemrut zilikaa bila kujulikana na wageni mpaka mwaka 1881, Karl Sester, fundi wa Kijerumani, alipozileta habari zake. Wataalamu walifuata: Otto Puchstein katika mwaka 1882, Osman Hamdi Bey wa Uturuki katika mwaka 1883, na toka mwaka 1953 bibi mmoja wa Marekani, Theresa Goell, aliyefanya kazi huko kwa miaka mingi. Chumba cha kaburi hakikuonekana. Kila walipochimba, yale mawe madogo yalimiminika na kuziba shimo. Katika mwaka 1987 mlima huo uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Husemwa ya kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Watu wa Commagene walikuwa nyasi zilizojifunza kuinama: walilipa kodi, wakaoza binti zao, wakatoa askari wao, wakapokea wakimbizi wa upande mmoja na kupeleka habari kwa upande wa pili. Hayo yote yaliwasaidia kwa muda mrefu. Lakini siku ya mwisho hawakuulizwa wametenda nini. Waliulizwa wanakaa wapi.

Samosata haupo tena. Karibu na mwaka 1990 Waturuki walilikamilisha bwawa kubwa la Atatürk katika mto Frati, na maji yake yakaufunika mji wa kale pamoja na kuta zake. Wakazi walijengewa mji mpya karibu na hapo. Kile kivuko ambacho kwa ajili yake falme mbili zilishitakiwa na kuondolewa kimo chini ya ziwa, wala hakuna jeshi litakalokigombea tena.